Anaweza Kukabidhiwa Funguo

Mwaka wa 1985 Ng'ambo iliingia vilima vya Mbooni kama surua: ilianza kwa kijana mmoja, na kabla mwezi haujaisha hapakuwa na boma lisilo na mgonjwa. Njaa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha, mvua zilikuwa zimerudi, kunde zilikuwa zimetambaa hadi njiani. Lakini vijana waliomaliza kidato cha sita hawakuzitazama kunde. Walitazama juu, kila ndege ilipopita. Waliokuwa wakila kwa mikono tangu kuachishwa ziwa walianza kuomba uma. Kule Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, mfanyabiashara Mathenge aliyekuwa akiwauzia madereva wa malori makoti ya mitumba aliyapandisha ukutani na kuyapa jina jipya, makoti ya Amerika. Yalikwisha kwa siku tisa.

Lililokuwa refu kuliko yote lilinunuliwa na Mutie, mwana wa Chifu Ndululu. Alilivaa saa saba mchana, katika jua la Machi, akapanda nalo mlima. Akina mama waliokuwa wakipalilia walimwuliza kama ameshikwa na malaria.

"Ni mazoezi," aliwajibu, huku jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Mtu mmoja tu hakuambukizwa. Huyo alikuwa Mwalimu Kiilu, mkuu wa shule ya bweni ambayo watu wote waliiita Mlimani. Alisoma hapo enzi za mkuu Mzungu, akarudi kufundisha hapo, akaishia kukikalia kiti cha Mzungu huyo na kuhifadhi kila kilichokuwa chake: kengele ya saa kumi na moja alfajiri, maji baridi ya kuoga, Kitabu Cheusi cha makosa, na imani kwamba sifa humharibu mtoto kama sukari inavyoharibu meno. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," aliwaambia walimu wapya siku yao ya kwanza. Wengi wao hawakusikia neno jingine kutoka kwake mpaka walipohamishwa.

Ukutani mwa ofisi yake, ndani ya fremu ya mvule, palikuwa na cheti chake mwenyewe cha mwaka 1957. Mzungu yule, ambaye kwa miaka kumi na minne hakumsifu mtu wala mbwa wake, alikuwa ameandika humo sentensi moja tu: *Kiilu anaweza kukabidhiwa funguo.* Mtu wa nje angeisoma na kupita. Mtu wa Mlimani alijua. Katika kila darasa mwanafunzi mmoja tu alipewa funguo za maktaba na maabara, na aliyezipata alitembea uwanjani taratibu ili ziweze kusikika. Sentensi ile Kiilu aliipangusa vumbi kila Jumatatu kwa mkono wake mwenyewe.

Chini ya fremu ilikuwapo droo, na ndani ya droo barua nyingine ya mwaka uleule, kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Ilisema kwamba nafasi zimejaa, na kwamba wanamtakia Bwana Kiilu kila la heri katika kazi ya ghala. Kiilu hakuwahi kufanya kazi ya ghala hata siku moja. Aliamua kwamba karani mlevi alichanganya bahasha, akaifungia, na kwa miaka ishirini na minane hakumwambia mtu kwamba yeye pia aliwahi kuugua surua ile.

Basi matokeo ya mtihani yalipotoka, ofisi yake ilianza kupokea wageni. Vyuo vya Amerika vilikuwa na desturi ya kudai barua ya siri kutoka kwa mkuu wa shule. Wa kwanza kufika alikuwa Chifu Ndululu, kofia ya serikali kichwani na mwanawe nyuma.

"Mwalimu, nimekuletea mwanao," Chifu alisema, akiwa amekwisha kuketi kabla ya kukaribishwa. "Hawa watu wanataka neno lako. Usimbanie kijana."

"Mimi sibani, Chifu, wala silegezi. Naandika nilichokiona."

"Hicho hicho! Kiandike chote. Usiache hata kimoja."

"Chote?"

"Nimesema chote. Wewe ni mtu wa kalamu, unaogopa wino?"

Kiilu alimgeukia Mutie, aliyekuwa amesimama ndani ya koti kama mkungu wa ndizi uliofunikwa uive. "Unakwenda kusomea nini?"

"Digrii, Mwalimu."

"Digrii ya nini?"

Mutie alimtazama babake, akatazama dirishani, akatazama viatu vyake. "Ya huko," alisema.

Kiilu alifungua Kitabu Cheusi. Kwa mtu aliyekatazwa na dhamiri yake kusifu, kushutumu kulikuwa ndiyo karamu pekee, na siku hiyo alikaribishwa na chifu mzima aketi ale. Aliandika kwamba mara tatu Mutie aliongoza mgomo kwa sababu ya maharagwe yaliyoliwa na dumuzi, na kwamba katika mgomo wa pili alihutubia juu ya meza ya bwalo kwa saa nzima bila karatasi. Aliandika kwamba aliendesha duka la mandazi kupitia dirisha la bweni, akiwakopesha hata viranja. Aliandika kwamba hakuna mwalimu aliyefaulu kumfanya aamini jambo asilotaka kuliamini, hesabu ikiwa mojawapo. Akamalizia kwamba, kwa kuwa adhabu ya Mlimani ni kung'oa kisiki, na Mutie aling'oa visiki thelathini na kimoja, shule ilijikuta na uwanja wa voliboli ambao haikuwa imeupanga. Kurasa tatu. Alizitia lakiri, akamkabidhi Chifu.

Chifu aliipima bahasha kiganjani, uso ukamng'aa. "Kurasa tatu! Mwalimu, umeniheshimu."

Wa pili kufika alikuwa Muthoki, pamoja na bibi yake Kalunde aliyemlea. Muthoki alikuwa mmoja wa wasichana kumi na mmoja waliopokewa Mlimani kwa kidato cha tano na sita, na alikuwa amepata A katika hesabu, A katika fizikia, A katika kemia. Alitaka uhandisi wa maji. Mtu aliyekulia chini ya mlima, ambako mwaka wa njaa mtu huchimba mchanga wa mto kutwa nzima apate debe moja la maji, hana haja ya kuulizwa kwa nini. Nafasi za somo hilo hapa nchini mwaka ule zilihesabika kwa vidole, na jina lake halikuangukia kidole chochote. Chuo kimoja cha Minesota kilikuwa tayari kumgharimia kila kitu, tikiti ya ndege ikiwamo, mradi barua ya mkuu wake iridhishe. Anwani ya chuo hicho ndiyo iliyokuwa pia juu ya bahasha ya Mutie, kwa maana Mutie aliinakili kutoka kwa Muthoki, kama alivyonakili kutoka kwake kila kitu kilichonakilika.

Kiilu alishika kalamu. Hakuwahi kumwandikia mtu yeyote yale aliyokusudia kumwandikia msichana huyu. Aliandika sentensi moja, akatia sahihi, akafunga.

Kalunde aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaiinua na kuishusha. "Asi! Mwalimu, hii ni barua au ni bahasha peke yake?"

"Mama, dhahabu haipimwi kwa unene wa mfuko."

"Ya Chifu niliiona njiani. Ilikuwa nene kama mkate."

Kiilu alinyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye fremu. Muthoki alifuata kidole, akasoma, akaelewa ni nini kilichomo ndani ya bahasha ile. Na kwa kuwa naye alikuwa mtoto wa Mlimani, na alizibeba funguo zile kiunoni kwa miaka miwili, machozi yalimlengalenga.

"Susu, twende," alimwambia bibi yake. "Hakuna kubwa kuliko hiyo."

Hivyo ndivyo watu wawili wenye akili timamu walivyoituma ng'ambo sentensi ambayo haikuwahi kuvuka lango la shule na kueleweka.

Majibu yalirudi mwishoni mwa Mei. Chifu alitangaza sherehe ya kumuaga mwanawe Siku ya Madaraka, ingawa masomo yangeanza Agosti na Mutie hakuwa na viza. Hakutaka boma jingine limtangulie. Palikuwa na turubai, kwaya, mbuzi wanne, na Mutie ndani ya koti katikati ya meza kuu. Kiilu aliketishwa kwenye kiti chenye mto, soda mkononi. Alikuja kushuhudia jinsi watu wanavyosherehekea barua ya kukataliwa wasiyoielewa.

Karani wake Waithera, mzaliwa wa Nyeri aliyepiga taipu kwa kasi na kusema polepole, aliombwa asome na kufasiri.

"'Tumefurahi mno,'" Waithera alisoma, "'kupata habari za kijana aliyewaongoza wenzake mara tatu kudai chakula bora, na anayeweza kuwahutubia watu mia nne bila karatasi. Chuo chetu kinatafuta viongozi.'"

Vigelegele. Kiilu aliweka soda chini.

"'Tumependezwa na moyo wake wa biashara, hata akawakopesha wasio na kitu.'" Waithera alimtupia mkuu wake jicho, akaendelea bila kutikisa uso. "'Hukumu yake ni huru, haburutwi na mawazo ya walimu. Lakini lililotugusa zaidi ni uwanja wa michezo alioiachia shule yake kwa jasho lake mwenyewe.'"

"Jasho hilo analo hata sasa!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na turubai zima likacheka.

"Simama, Mwalimu!" Chifu alinguruma. "Simama watu wakuone! Huyu ndiye aliyeziandika zile kurasa tatu! Mwalimu mwenye roho ya kusifu watoto!"

Kiilu alisimama. Katika maisha yake alikuwa ametukanwa mara nyingi, na kila mara alijua la kufanya. Kushukuriwa kwa matusi yake hakujua kunafanyiwa nini. Aliinamisha kichwa, watu wakasema ni unyenyekevu.

Muthoki alimngojea nje ya turubai, penye ua wa minyaa. Hakuwa amekula. Alimpa karatasi.

Wale wale wa Minesota walikuwa wameandika kwamba alama za Muthoki zilikuwa za juu kuliko za mwombaji yeyote wa mwaka huo, lakini yaelekea mkuu wake hamfahamu. Waliomba ufafanuzi: je, mwombaji alikuwa ameajiriwa katika ghala la shule? Barua ya pili ifike kabla ya tarehe ishirini Juni. Isipofika, ufadhili angepewa mwingine.

"Posta huchukua wiki mbili," Muthoki alisema. "Jumatatu ndiyo mwisho wangu."

"Barua ya Kiilu haiandikwi mara mbili," Kiilu alijibu, na maneno yalimtoka kabla hajayafikiria, kama mlango unaojifunga kwa upepo. "Nilikupa neno nisilompa mtu. Kama hawakulielewa, ujinga ni wao."

"Ndiyo, Mwalimu. Ujinga ni wao, na ufadhili pia ni wao." Hakuinua sauti, Mlimani haikumfundisha kuinua sauti. "Basi nisaidie kwa jambo moja tu. Niambie nilifanya kazi ya ghala mwaka gani, nami nitawajibu mwenyewe."

Aliinama kidogo kwa heshima, akaenda zake. Kiilu alibaki penye minyaa na karatasi mkononi. Neno *ghala* lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki kwa mtu asiyekula samaki.

Jumapili, baada ya ibada, aliingia ofisini peke yake na kufungua droo. Aliiweka ile barua ya Uingereza kando ya ile ya Minesota. Bahari mbili tofauti, miaka ishirini na minane katikati, na ghala lilikuwa lile lile. Hapakuwa na karani mlevi. Hakuna bahasha iliyochanganywa. Mabwana wa Uingereza walisoma kwamba kijana huyu anaweza kukabidhiwa funguo, wakaamini walichosoma, wakamtakia heri katika ghala.

Aliinua macho ukutani. Kila Jumatatu, miaka ishirini na minane, kwa kitambaa safi, alikuwa akikipangusa vumbi kisu kilichomchinja.

Jumatatu asubuhi Waithera alimkuta mezani, karatasi zilizokunjwa zikiwa sakafuni. Moja ilianza *Muthoki ni hodari* na ikakatwa. Nyingine ilianza *Muthoki ni hodari kiasi.*

"Mwalimu, gari la posta hupita Salama saa nane," Waithera alisema.

"Najua linapita saa ngapi. Siwezi, Waithera. Nikiandika 'hodari' naona nimesema uongo, hata ikiwa ni kweli. Mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji. Umetuambia." Aliingiza karatasi kwenye mashine. "Na asiyesifiwa kabisa, Mwalimu? Huyo nani atajua kwamba ni mgema?"

Kiilu alimkazia macho ya saa kumi na moja alfajiri. Waithera alirekebisha utepe wa mashine kana kwamba hakuna aliyemkazia.

Ndipo Kiilu aliponyoosha mkono, si kwa sifa, bali kwa silaha aliyoizoea. Alifungua Kitabu Cheusi kwenye herufi M. Kwa Muthoki palikuwa na makosa matatu tu katika miaka miwili.

"Piga chapa," alisema, na akaanza kusoma kwa sauti ile ile aliyowasomea wakosaji mbele ya gwaride.

"Kosa la kwanza. Mwezi wa Machi 1983, bila ruhusa, alifungua pampu ya maji ya shule, iliyokuwa imekufa kwa miezi minane na kuwashinda mafundi wawili. Alipoifunga tena, ilipandisha maji. Adhabu: kisiki kimoja.

"Kosa la pili. Alimwambia mwalimu wa fizikia mbele ya darasa kwamba amekosea. Mwalimu alipokataa, aliandika uthibitisho kwa chaki kwenye mlango wa bwalo, wanafunzi wote wakausoma walipokuwa wakingoja uji. Uthibitisho ulikuwa sahihi. Adhabu: kuusugua mlango.

"Kosa la tatu." Kiilu alikohoa. "Kwa kutumia funguo alizokabidhiwa, alifungua maktaba kila alfajiri kabla ya kengele, muhula mzima, akimfundisha mpishi mkuu wa shule kusoma. Mpishi ana miaka hamsini na mitatu. Sasa anasoma gazeti. Adhabu: kunyang'anywa funguo kwa wiki mbili."

Mashine ilinyamaza. "Nimefika hapo. Nikupe utie sahihi?"

"Bado." Kiilu alisimama, akaipa fremu mgongo. "Andika: Hayo ndiyo mabaya yake yote ninayoyajua. Nilimwadhibu mara tatu." Alikifunga Kitabu Cheusi. "Mara zote tatu nilikosea mimi."

Waithera alipiga herufi polepole kuliko alivyowahi kupiga. Kisha akasita. "Mwalimu, hapa pana neno *nilikosea*. Sijawahi kulipiga katika ofisi hii. Nilifute?"

"Liache."

Kiilu aliibeba barua mwenyewe. Njiani alipitia kwa Kalunde, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na bibi yule alikuwa na haki ya kupima. Kalunde aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua, akaishusha.

"Eeh," alisema. "Hii sasa ina mtu ndani."

Kiilu alifika Salama saa saba na nusu. Mathenge alimwita kutoka mlangoni mwa duka lake, "Mwalimu! Nimepata koti jingine, nikuwekee?" na Mwalimu Kiilu, mbele ya wasafiri wa pande zote mbili za barabara, alikaribia kucheka.

Jibu la Minesota lilifika wiki ya mwisho ya Julai, na Muthoki akaondoka Agosti, amevaa sweta ya shule. Wala hapakuwa na turubai. Kalunde alisema hamuagi mtu mpaka amwone amerudi.

Mutie naye alifika mpaka dirisha la viza. Alivaa koti, alishika barua ya chuo iliyomwita kiongozi, na nyuma yake alisimama Chifu na kofia ya serikali. Afisa aliyekuwa ng'ambo ya kioo aliisoma barua yote, akavutiwa nayo, akauliza swali moja tu: kijana anakwenda kusomea nini? Mutie alimtazama babake. Kisha akampa afisa jibu lile lile alilompa Mwalimu Kiilu mwezi wa Machi. Koti lilirudi ukutani kwa Mathenge, jina lake likiwa lile lile. Wagonjwa wengine walikuwa hawajapona.

Jumatatu iliyofuata Kiilu hakuipangusa fremu. Aliing'oa, akaibeba chini ya kwapa hadi nyuma ya jiko, akaipigilia msumari kwenye mlango wa ghala la mahindi. Mpishi mkuu alitoka na mwiko mkononi. Alisogea karibu, akaisoma sentensi yote kwa kidole, neno kwa neno, bila kusaidiwa.

"Mwalimu, hiki cheti umekileta huku kwa nini?"

"Nimekifikisha," Kiilu alisema, "walikonituma."